Mwaka wa Wimbo Si Mwaka wa Historia

Mpiga kinanda Bob Gaudio wa kundi la Four Seasons la Marekani alipoanza kutunga wimbo uliokuja kuitwa December, 1963, kisa chake hakikuwa cha mwaka huo. Maneno ya kwanza yaliuweka wimbo katika Desemba 1933, mwezi ambao Marekani ilifuta marufuku ya pombe iliyokuwa imedumu tangu 1920. Hilo ni tukio la haja. Lina tarehe yake, 5 Desemba, na hakuna historia ya nchi hiyo inayoliruka. Hata hivyo maneno yaliandikwa upya, mwaka ukasogezwa mbele miaka 30, na kisa kikawa cha mwanamume anayekumbuka usiku wa mapenzi. Machi 1976 wimbo ulishika namba moja Marekani. Sasa itazame Desemba 1963 kwa jicho la mwanahistoria: ni nchi iliyo matangani, kwa kuwa Rais Kennedy aliuawa tarehe 22 ya mwezi uliotangulia. Wimbo haugusi msiba huo hata kidogo. Naliona hili kuwa ushahidi mzuri wa hoja ninayotaka kuijenga: mwaka haugeuki ishara katika nyimbo kwa sababu ya yaliyotokea ndani yake. Hugeuka ishara kwa sababu ya umri wa wanaousikia, na kwa jinsi unavyokaa mdomoni.

Kwa kawaida miaka husahaulika, na kasi ya kusahaulika kwake imepimwa. Mwaka 2011 Jean-Baptiste Michel na wenzake walichapisha katika jarida la Science uchambuzi wa mamilioni ya vitabu vilivyoingizwa kwenye kompyuta, wakahesabu, pamoja na mengine, ni mara ngapi kila mwaka umetajwa. Mwaka 1880 ulitajwa kwa wingi ulipofika, kisha ukapungua polepole hadi nusu ya kilele chake mwaka 1912, yaani baada ya miaka 32. Mwaka 1973 ulifika nusu hiyo mwaka 1983, miaka 10 tu. Tunaiacha miaka nyuma upesi kuliko babu zetu. Nyimbo za miaka huenda kinyume na mkondo huo. December, 1963 ilitoka miaka 12 baada ya mwaka wake. Summer of '69 ya Bryan Adams ilitoka katika albamu ya 1984, miaka 15 baadaye. 1979 ya Smashing Pumpkins ilisubiri 16. Wakati vitabu vinauaga mwaka, wimbo ndio kwanza unaubishia hodi.

Kwa nini kuchelewa huku? Jibu limo katika jambo ambalo wanasaikolojia wamelithibitisha tena na tena tangu kazi ya David Rubin na wenzake ya 1986. Mtu mzima akiombwa kusimulia kumbukumbu za maisha yake, nyingi kupita kiasi hutoka kati ya umri wa miaka 10 na 30. Ndicho kipindi cha mambo ya mara ya kwanza: kazi ya kwanza, mpenzi wa kwanza, chumba cha kwanza cha kupanga. Muziki nao umefungwa hapo hapo. Morris Holbrook na Robert Schindler walionyesha mwaka 1989 kwamba Wamarekani waliowapima walipenda zaidi nyimbo zilizovuma walipokuwa na umri wa miaka 24 hivi. Aliyekuwa na miaka 18 mwaka 1969 alikuwa na 33 Adams alipotoa wimbo wake: ana mshahara, pengine ana watoto, na ujana ameuona ukimpa kisogo. Huyo ndiye mwenye mwaka. Adams mwenyewe alizaliwa Novemba 1959, kwa hiyo majira ya joto ya 1969 alikuwa mtoto wa miaka tisa, na rasimu ya mwanzo ya wimbo haikubeba mwaka kwenye jina lake. Iliitwa Best Days of My Life. Baadaye Adams amedai kwamba tarakimu zile zinadokeza mambo ya faragha wala si mwaka. Hata tukimkubalia, wasikilizaji waliamua vingine, na uamuzi wao ndio uliobaki.

Sauti nayo ina kura yake, na Mswahili analiona hili upesi. Tamka mwaka 1969 kwa ukamilifu: elfu moja mia tisa sitini na tisa. Hiyo ni mizani 14, na mshororo wa utenzi una mizani 8. Kata karne, useme sitini na tisa, umebaki na mizani 6 inayoingia kwenye mshororo na kuacha nafasi ya neno jingine. Kwa Kiingereza tarakimu hizo mbili ni silabi tatu tu, na ya mwisho ni pana, inavutika kooni kadiri mwimbaji apendavyo. Mwaka wenye ncha ngumu huachwa nje hata kama una sifa zote nyingine.

Kuna pingamizi zito hapa. Mwana Kupona, katika utendi wake kwa binti yake, alitaja mwaka 1275 wa hijria, na washairi wengi wa pwani waliweka tarehe kwenye beti za mwisho. Je, hao nao walimtafuta msikilizaji wa makamo? La. Ile tarehe ni muhuri wa mtungaji, na hakuna anayeusoma utendi ule leo akalia kwa ajili ya 1275. Kuutaja mwaka hakutoshi kuufanya ishara. Pingamizi la pili linatoka kwa nyimbo za ukombozi. Indépendance Cha Cha ya Grand Kallé na African Jazz ilizaliwa Brussels mwanzoni mwa 1960, mkutano wa kuamua uhuru wa Kongo ukiendelea, na tangu hapo 1960 na wimbo ule haviachani. Lakini nguvu ya wimbo ule imejengwa juu ya majina ya viongozi na vyama. Walioucheza wakati ule hawakuhitaji kuambiwa ni mwaka gani. Mwaka huhitajika pale mtu anapogeuka kutazama nyuma.

Au anapotazama mbele sana, kama Prince, aliyeimba wimbo wa 1999 mwaka 1982, dunia ikiwa na hofu ya mabomu ya nyuklia. Hapo mwaka ulipata nguvu yake kwa kukaa ukingoni mwa karne. Wimbo ulirudi kwenye chati mwaka wenyewe ulipofika. Leo wanaoucheza wanakumbuka sherehe zao, hofu ile imekwenda zake.

Pingamizi ninaloliheshimu kuliko yote ni la vijana. Mtu aliyezaliwa 1995 anaimba Summer of '69 kwa hisia zote, na hakuwapo. Carol Krumhansl na Justin Zupnick, mwaka 2013, waliwasikilizisha vijana wa miaka kama 20 nyimbo za miongo mitano na nusu, wakakuta wanafungamana pia na muziki wa mwanzoni mwa miaka ya 1980, ujana wa wazazi wao, na hata wa miaka ya 1960. Muziki hurithiwa sebuleni. Kijana haukumbuki mwaka ule. Anaukumbuka uso wa mzazi wake wimbo ulipopigwa. Kwa hiyo umri bado ndio unaotawala, ila ni umri wa aliyemtangulia.

Nakubali kwamba nyimbo chache nilizozitaja si utafiti, na anayetaka kunipinga anaweza kutafuta nyingine. Lakini hoja hii inaweza kupimwa hapa hapa kwetu, maana waliokuwa na miaka 18 mwaka 2003, Bongo Fleva ikiwa imepamba moto, walitimiza 40 mwaka 2025. Elfu mbili na tatu ni mizani 7. Mwaka 2002 ndio wenye matukio: Tanzania ilihesabu watu wake, na Kenya iliiondoa KANU madarakani baada ya karibu miaka 40. Nikiwa sahihi, mtunzi atakayetaka kuliza kizazi hicho atauimba mwaka wowote wa jirani unaomkalia vizuri kooni, na sensa na uchaguzi havitamo.