Vikwazo na Nafaka ya Yamama

Thumama bin Uthal alikuwa mkuu wa Banu Hanifa katika nchi ya Yamama, ambako watu wa Makka walipata nafaka yao. Aliposilimu alikwenda Makka kufanya umra, na Makuraishi wakamkejeli. Akaapa kwamba hata punje moja ya ngano haitawafikia mpaka Mtume (S.A.W.) atoe idhini. Akatimiza kiapo chake, na njaa ikaingia Makka.

Makuraishi walimwandikia Mtume wakimkumbusha undugu. Hawa ndio waliowasusia Banu Hashim kwa miaka ipatayo mitatu katika bonde la Abu Talib, hadi watu wakala majani ya miti. Pamoja na hayo, Mtume aliamuru nafaka ipelekwe. Uadui ulikuwa bado upo. Chakula kikatolewa ndani yake.

Tumekikumbuka kisa hiki tunapotazama vikwazo vya zama zetu. Hatusemi kwamba kila kikwazo ni dhulma, kwani kumnyima fedha mnunuzi wa silaha kwaweza kuokoa roho. Wala vikwazo vingi havitaji chakula. Husema tu kwamba aliyeandikwa katika orodha asipewe fedha wala mali. Lakini lori la mahindi likipita katika kizuizi cha kundi hilo hutozwa ushuru. Hapo shirika la misaada huogopa mashitaka, na benki huogopa faini. Kila mmoja hujilinda, na anayelala na njaa ni mtoto asiyejua kwamba kuna orodha.

Tuliyaona hayo kwa jirani zetu wa Somalia. Al-Shabaab walikuwa chini ya vikwazo, nao wenyewe waliyafukuza mashirika mengi ya misaada. Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa liliruhusu misaada ipite tangu Machi 2010, lakini sheria za Marekani ziliendelea kuwatia watoaji hofu hadi zilipolegezwa Agosti 2011, baada ya baa la njaa kutangazwa Julai 20. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2013 ulikadiria kwamba watu wapatao 258,000 walifariki, zaidi ya nusu yao watoto wa chini ya miaka mitano. Idhini iliyochelewa haikuwafufua.

Desemba 9, 2022, Baraza hilo lilipitisha Azimio namba 2664 kwa kura 14, India ikijizuia kupiga kura. Azimio linasema kwamba fedha na bidhaa zinazohitajika kwa misaada ya kibinadamu hazivunji amri ya kuzuia mali chini ya vikwazo vya Umoja wa Mataifa. Hiyo ni hatua njema. Lakini haifuti vikwazo ambavyo dola moja moja huweka zenyewe, wala haiondoi woga wa benki.

Basi tuna wajibu wa aina mbili. Serikali ziandike ruhusa hiyo katika sheria zao kabla ya njaa, si baada ya mazishi. Nasi tunaotoa zaka na sadaka tuzipitishe kwa mashirika yaliyosajiliwa na yenye hesabu za wazi, ili asipatikane mwenye kisingizio cha kuzizuia. Aliyeonja njaa ya bonde la Abu Talib aliifungua njia ya nafaka kwa waliomtia humo. Sisi tuna udhuru gani?

Wabillahi tawfiq.