Je, Wajua? Bomba la plastiki hubebwa na udongo wake

Bomba la plastiki lenye migongo nje na utelezi ndani halishindani na zege kwa ugumu. Nguvu yake kubwa hutoka kwenye udongo uliolizunguka. Hilo ndilo la kupima kwanza mjenzi wa Ubena au Bagamoyo anapochagua bomba la mtaro. Wapo wanaohofu kwamba lori la kokoto litalibonyeza, na hofu hiyo ni halali pale linapofukiwa kwa mabonge ya udongo na kuachwa hivyo hivyo. Likizungushiwa mchanga au kokoto ndogo, zikashindiliwa tabaka kwa tabaka pande zote mbili, bomba hupinda kidogo na sehemu kubwa ya mzigo ikahamia kwenye udongo. Karibu na bahari lina faida nyingine tena kubwa: chumvi inayotafuna kalavati la bati haili plastiki. Lakini plastiki hii, polithini, ni nyepesi kuliko maji, takriban kilo 950 kwa mita ya ujazo. Wakati wa masika, Machi hadi Mei, maji ya ardhini yanaweza kuliinua bomba tupu lililofukiwa juu juu, kwa hiyo kina cha kufukia kiamuliwe kabla ya kuuliza bei.