Tiba ya Mazungumzo: Nani Aketi Chumbani?

Tiba ya kisaikolojia ni matibabu ambayo nyenzo yake ni mazungumzo. Mtu aliyeelemewa na sonona, hofu isiyomwachia nafasi ya kupumua, kiwewe cha jambo lililompata au ugomvi wa nyumbani usiokwisha, hukutana na mtaalamu kwa siku na saa waliyopatana, aghalabu mara moja kwa wiki, na kikao huchukua saa moja au moja na nusu. Hakuna sindano. Kwa hiyo wako wanaoidharau: kuongea tu? Si watu huongea kila siku barazani?

Tofauti ipo, tena kubwa. Barazani mwenye shida hupewa pole na nasaha, na akibahatika huchangiwa. Kungwi humfunda mwari, mshenga hupeleka na kurudisha maneno, mzee wa ukoo huamua nani kakosa. Watu hao ni hazina, ila kila mmoja wao ana jibu mkononi kabla msemaji hajamaliza kusema. Mtaalamu wa saikolojia huanza bila jibu. Hamwambii mke avumilie wala aondoke. Humsaidia aone kinachomzuia kuamua, na hufuata hatua ambazo nyingi zimepimwa kwa majaribio kama dawa zinavyopimwa. Tena amefungwa na siri, ambayo huilegeza pale tu uhai wa mtu unapokuwa hatarini. Baraza haliwezi kuahidi hilo.

Swali la kwanza la mtaalamu ni hili: maumivu yanakaa wapi? Yanaweza kukaa ndani ya mtu, baina ya watu wawili, katika mwenendo wa nyumba nzima, au katika jeraha ambalo watu wengi wanalo kwa pamoja. Jibu ndilo linaloamua nani aketi chumbani.

Tiba ya mtu mmoja ndiyo kongwe katika tiba za kisasa. Ilianzia Vienna miaka ya 1880, daktari Josef Breuer alipomtibu Bertha Pappenheim, msichana ambaye vitabu vilimficha kwa jina la Anna O. Mgonjwa huyo mwenyewe ndiye aliyeiita tiba ya kuongea. Mwaka 1895 Breuer na rafiki yake Sigmund Freud walichapisha kisa hicho pamoja na vingine, na Freud akaendelea kujenga njia yake: mgonjwa hulala kwenye kochi, husema lolote linalomjia, na daktari hutafuta humo migogoro ya utotoni iliyosahauliwa lakini haijafa. Vikao vilikuwa vingi kwa wiki, kwa miaka. Ilikuwa tiba ya wenye fedha na nafasi, na kwa sura yake kamili bado iko hivyo.

Njia inayotumika sana leo ni tiba ya fikra na tabia. Miaka ya 1960 daktari Aaron Beck wa Philadelphia alibaini kwamba wagonjwa wake wa sonona walipitiwa siku nzima na mawazo ya haraka ambayo hawakuyahoji kamwe. Chukua mwuza mitumba anayemsalimu mteja wake wa siku zote, na mteja akapita bila kuitika. Papo hapo linamjia wazo: amenichoka, nguo zangu hazina hadhi. Anafunga kibanda mapema. Kesho yake haendi sokoni, jioni hana hela ya kula, na lile wazo sasa limepata ushahidi. Mtaalamu humpa daftari aandike tukio, wazo, na hisia iliyofuata, kisha wakae wote wawili walipime wazo hilo kama linavyopimwa dai mahakamani. Mteja alikuwa na simu sikioni? Ana mgonjwa nyumbani? Halafu hupewa kazi ndogo ya wiki: afungue kibanda siku tatu, amsalimu tena yule yule. Wengine hudhani hii ni kufundisha watu wawaze mazuri. Sivyo. Mawazo mengine mabaya ni ya kweli, deni ni deni, na hapo kazi hugeuka kuwa ya kutafuta hatua moja inayowezekana. Vikao huwa kati ya 12 na 20, kisha tiba hukoma.

Carl Rogers, Mmarekani pia, alifuata njia ya upole zaidi, ya kumsikiliza mtu kwa heshima bila kumhukumu. Wengi wamemchukua kama msingi, hata wasiofuata shule yake, kwani hakuna mbinu inayofanya kazi kwa mtu asiyemwamini aliyekaa mbele yake.

Kwa walionusurika vita ipo tiba ya masimulizi, iliyotungwa na wanasaikolojia wa Ujerumani, miongoni mwao Maggie Schauer, Frank Neuner na Thomas Elbert, na sehemu kubwa ya kujaribiwa kwake ilifanyika Uganda. Mwenye kiwewe hupewa kamba, ambayo ni maisha yake tangu kuzaliwa. Juu yake huweka ua kwa kila jambo jema na jiwe kwa kila jambo la kutisha. Kisha, kikao baada ya kikao, husimulia kutoka mwanzo wa kamba, akikaa kwenye kila jiwe mpaka hofu ipungue. Sababu ni kwamba kumbukumbu ya kiwewe haina tarehe. Mlio wa pikipiki humrudisha mtu usiku ule kana kwamba ni sasa. Kuisimulia kwa mpangilio huirudisha mahali pake, zamani. Huko Uganda, katika makazi ya Nakivale, wakimbizi wa Rwanda na Somalia walitibiwa hivyo na washauri waliokuwa wakimbizi wenzao, waliofunzwa kwa wiki chache, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2008 yalionyesha nafuu ya kweli.

Tiba ya wanandoa ina sharti moja gumu kuelewa: mteja si mume wala mke, mteja ni uhusiano wao. Kila mmoja huja akitarajia mtaalamu atamwambia mwenzake kuwa amekosa. Wote wawili hukosa hukumu hiyo.

Miaka ya 1980 Sue Johnson na Leslie Greenberg waliunda nchini Kanada tiba inayofuatilia duara la ugomvi. Mke analalamika kuhusu ada ya shule. Mume anasikia kwamba yeye si mwanamume wa kutosha, anageukia televisheni. Mke anaona amepuuzwa, anapandisha sauti, na mume anazidi kunyamaza. Ada imesahauliwa, kinachogombaniwa ni swali ambalo hakuna anayelitamka, kama bado nina thamani kwako. Kazi ya mtaalamu ni kulisimamisha duara hilo katikati, mbele yao wote, na kumsaidia kila mmoja aseme hofu iliyo chini ya hasira. John Gottman naye, katika Chuo Kikuu cha Washington, aliwarekodi wanandoa wakibishana huku wamefungwa vipimo vya mapigo ya moyo. Aliona mambo manne yanayoashiria ndoa kuelekea kuvunjika: kumshambulia mwenzako tabia yake badala ya kulalamikia tendo, dharau, kujitetea kila neno, na kununa. Dharau ndiyo mbaya kuliko yote. Kununa kuna siri yake: aliyenyamaza kama gogo mara nyingi moyo wake unakwenda mbio. Kwa hiyo wanandoa hufundishwa kuomba mapumziko ya angalau dakika 20 mwili utulie, kisha kurudi kwenye mazungumzo. Kurudi ndiko kunakotofautisha mapumziko na kununa.

Tiba ya wanandoa isichanganywe na usuluhishi. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 inataka mgogoro upelekwe kwenye baraza la usuluhishi wa ndoa kabla ya mahakama kupokea ombi la talaka, isipokuwa katika hali chache. Baraza hutafuta mapatano na hutoa hati likishindwa. Halina nafasi ya kukaa miezi na watu wawili wakichimba walipoumizana. Na pale penye kipigo au vitisho, vikao vya pamoja havifai: aliyepigwa hawezi kusema ukweli mbele ya anayerudi naye nyumbani. Usalama wake hushughulikiwa kwanza, naye huonwa peke yake.

Nyumba nzima huitwa pale mgonjwa mmoja anapobeba ugonjwa wa wengi. Mtoto wa miaka tisa aliyeacha kukojoa kitandani zamani anaanza upya tangu wazazi walipoacha kusemezana. Kumtibu peke yake ni kufuta maji bila kufunga bomba. Salvador Minuchin, mzaliwa wa Argentina aliyefanya kazi na familia maskini za Marekani, alitazama nani anakaa karibu na nani chumbani, nani anamjibia nani, na mtoto gani amefanywa mjumbe wa wakubwa. Wakati mwingine aliwahamisha viti palepale. Kundi la Milan la Mara Selvini Palazzoli lilileta maswali ya mzunguko: dada huulizwa, "Baba akikasirika, mama hufanya nini?" Jibu la dada huwafumbua macho wazazi, kwani hawakujua kwamba walikuwa wakitazamwa.

Kwa Afrika wazo la kumtibu mtu pamoja na watu wake si geni. Mwaka 1954 daktari Thomas Lambo wa Nigeria aliwapangia wagonjwa wake wa Aro, karibu na Abeokuta, makazi katika vijiji vya jirani, kila mmoja akiwa na ndugu yake, badala ya kuwafungia wodini. Karibu na Eldoret, Kenya, mpango uitwao Tuko Pamoja umewafunza watu ambao familia zilikuwa zikiwakimbilia tangu awali, nao huzifuata nyumbani kwao. Ugumu wa nyumba za Afrika Mashariki ni kuamua mpaka wa familia. Bibi, wifi na mjomba anayelipa ada huenda wana neno zito kuliko baba, na kikao kisicho nao huweza kuwa kazi bure.

Tiba ya kikundi imezaa matunda makubwa katika ukanda huu. Asili yake ni Boston, ambako mwaka 1905 daktari Joseph Pratt alianza kuwakusanya wagonjwa wa kifua kikuu awafundishe usafi na mapumziko, akaona kukaa pamoja kulikuwa kunawapa nguvu kuliko somo lenyewe. Irvin Yalom, katika kitabu chake cha mwaka 1970, alieleza kinachoponya katika kikundi: mtu hugundua kwamba hayuko peke yake, na hugundua kwamba anaweza kumfaa mwingine. Aliyeamini kwamba yeye ni mzigo, akimwona mwenzake amefuata wazo lake, haamini tena vile vile.

Katika wilaya za Masaka na Rakai nchini Uganda, zilizoteketezwa na UKIMWI, watafiti waliwauliza kwanza wenyeji ni majonzi gani wanayajua. Waliambiwa kuhusu hali mbili, mojawapo ikiitwa okwekyawa, yaani kujichukia. Ndipo tiba ya mahusiano, iliyobuniwa Marekani na Gerald Klerman na Myrna Weissman, ikarekebishwa ifuate maisha ya pale. Ilishughulika na msiba, ugomvi na mabadiliko ya maisha. Kwa kuwa marehemu hasemwi vibaya, waombolezaji hawakuulizwa walichukia nini kwake. Waliulizwa kama kulikuwa na jambo katika maisha yao pamoja lililowasikitisha. Wanawake walikaa na wanawake, wanaume na wanaume, dakika 90 kwa wiki kwa wiki 16, wakiongozwa na wenyeji wasio madaktari. Wenye sonona katika vikundi hivyo walishuka kutoka asilimia 86 hadi 6.5, katika vijiji visivyopata tiba, kutoka 94 hadi 54.7. Matokeo hayo, ya mwaka 2003, yalizima hoja kwamba tiba ya mazungumzo ni ya Wazungu na wasomi.

Miaka kumi baadaye ilichapishwa taarifa ya Kivu, mashariki mwa Kongo, kuhusu wanawake 405 waliofanyiwa ukatili wa kingono. Waliopata tiba ya fikra kwa vikundi hawakutakiwa kusimulia tendo lenyewe. Walifundishwa kuhoji yale yaliyobaki: nimechafuka, ni kosa langu, hakuna anayeweza kunitazama. Wengi hawakujua kusoma, hivyo mazoezi yalikaririwa kichwani. Miezi sita baada ya tiba, asilimia 9 tu yao bado walikuwa na dalili za sonona au hofu kali, dhidi ya asilimia 42 ya wenzao waliopata msaada wa mmoja mmoja. Kule Rwanda, tiba ya kijamii iliyoanzia Byumba mwaka 2005 imewakalisha walionusurika mauaji ya kimbari pamoja na ndugu za waliowaua, na hata waliotoka gerezani, kwa wiki 15. Huanza na usalama, kisha kuaminiana. Kumbukumbu huachwa hadi karibu na mwisho.

Kikundi hakimfai kila mtu. Aliye katika hatari ya kujiua, au anayesikia sauti zisizokuwepo, huhitaji daktari wa magonjwa ya akili kwanza, na mara nyingi dawa. Mazungumzo huungana na dawa hali ikitulia. Na kwa mke wa kiongozi wa mtaa, siri ndani ya kikundi cha majirani si jambo jepesi. Huyo huonwa faraghani.

Nani anaruhusiwa kutibu? Kenya ilitunga sheria ya washauri na wanasaikolojia mwaka 2014, na popote pale mteja ana haki ya kumwuliza mtaalamu amesomea wapi na nani anamsimamia. Usimamizi huo ndio unaowawezesha wasio na shahada nao kuponya. Mjini Harare, Zimbabwe, tangu mwaka 2006, daktari Dixon Chibanda amewafunza kina bibi kukaa na wagonjwa kwenye benchi nje ya zahanati na kuwasaidia kuchagua tatizo moja kati ya mengi. Mpango huo umefika hadi Zanzibar. Bibi anaposhindwa, yuko wa kumpigia simu.

Tiba njema hupangiwa mwisho tangu mwanzo. Vikao vya mwisho hutumika kutaja dalili za kwanza za ugonjwa kurudi, usingizi kukatika, kukwepa simu, kibanda kufungwa mapema, na kuandika nani aambiwe na nini kifanyike siku hiyo. Baadhi ya vikundi vya Masaka na Rakai viliendelea kukutana vyenyewe baada ya wiki ya 16, bila mwongozaji.