Nilivyounga Injini, Nikavuruga Nyumba

Naomba nianze kwa kukiri. Pesa ya msingi wa nyumba yetu niliila mimi. Sikuilewea wala sikuhonga mtu. Niliitia kwenye injini.

Mkoko wangu ni Mark II ya 1JZ-GE, lita 2.5, silinda sita, haina tabo. Gari la heshima zake, linanifikisha kazini na kanisani. Tatizo washikaji. Jumapili moja mmoja wao alinipa lifti kwenye gari lenye tabo, akakanyaga mafuta, mgongo wangu ukagandia kwenye kiti. Toka siku hiyo nikawa sina usingizi.

Injini kamili ya 1JZ-GTE, pamoja na tabo, kompyuta na nyaya zake, bei ilinishinda. Ndipo fundi akaniambia, "Bosi, tunaunga." Chini tuweke bloku ya 2JZ-GE, lita 3, isiyo ya tabo, niliyoipata kwa bei poa. Juu tuweke silinda hedi ya 1JZ-GTE na tabo yake. Si uzushi wa gereji. Wapenda magari duniani wanaiita 1.5JZ, yaani moja na nusu, na zilizojengwa vizuri zinatembea ile mbaya. Silinda za injini zote mbili zina kipenyo cha milimita 86, kwa hiyo hedi inakaa juu ya bloku kama mfuniko na sufuria lake.

Mke wangu ni mfamasia. Nilimwambia gari linafanyiwa "sevisi kubwa". Hilo ndilo lilikuwa kosa la kwanza, kabla hata boluti moja haijafunguliwa.

Onyo tulilipata siku ya kufunga. Mkanda wa taimingi wa 1JZ haukufika! Pistoni ya 2JZ inatembea milimita 86, ya 1JZ milimita 71.5, ndiyo maana bloku ya 2JZ imerefuka kwenda juu. Tukatafuta mkanda wa 2JZ, ukaingia, tukagonga tano. Hakuna aliyejiuliza: kama mkanda umekataa, ni kitu gani kingine hakijakubali ila kimekaa kimya?

Wiki tatu nilikuwa mfalme wa barabara. Ya nne tukawa tunaelekea Morogoro kwa wakwe. Tumeshaipita Kibaha, nikakanyaga kulipita lori, nikasikia mlio kama misumari inatikiswa kwenye kopo. Nikaongeza sauti ya redio. Kufika Mlandizi, moshi wa bluu umejaa nyuma na gari halina nguvu. Mke wangu akanigeukia taratibu.

"Baba, hii ndiyo sevisi kubwa?"

Tulipofungua injini, pistoni mbili zilikuwa zimemeguka pale zinapokaa ringi. Fundi mmoja mzee ndiye aliyenifafanulia. Pistoni za 2JZ-GE zinabana hewa na petroli mara 10. Ndugu yake mwenye tabo, 2JZ-GTE, anabana mara 8.5 tu, tena kwa makusudi, kwa sababu tabo imeshaisindilia hewa kabla haijaingia. Sisi tukasindilia hewa ya tabo juu ya pistoni za mara 10.

Halafu kompyuta. Ile ya 1JZ-GTE inasoma presha ya hewa na kukadiria petroli ikiamini injini ni ya lita 2.5. Yetu ilikuwa ya lita 3, inavuta hewa zaidi kwa karibu asilimia 20. Petroli ikapungua, joto likapanda. Joto na mgandamizo vikizidi, mchanganyiko unalipuka wenyewe badala ya kuwaka kwa mpangilio kutoka kwenye plagi. Ile misumari niliyoizima kwa redio ilikuwa nyundo juu ya pistoni.

Usiku ule nilimweleza mke wangu kila kitu, mpaka shilingi ya mwisho. Alikaa kimya muda mrefu.

"Dukani mtu akija na cheti," alisema, "kwanza namuuliza anatumia dawa gani nyingine. Dawa mbili nzuri zikikutana vibaya zinaua. Wewe injini hukuiuliza. Na mimi mkeo ndiyo kabisa."

Siku nne alilala chumba cha watoto. Ya tano akaja na daftari, kachora safu tatu: kifaa, kimetoka injini gani, kinahitaji nini ili kifanye kazi na mwenzake. Tukajaza pamoja. Safu ya tatu ilijaa alama za kuuliza, na kila alama ilikuwa na bei ambayo sikuwahi kuipigia hesabu.

Msomaji, kama na wewe una mzuka wa kuunga, chukua haya:

- Anza na pistoni. Ukiweka tabo, uwiano wa mgandamizo lazima uendane nayo.
- Kompyuta ipangwe upya kwa ukubwa halisi wa injini yako, na nozeli ziweze kutoa petroli ya kutosha.
- Ukisikia misumari, toa mguu kwenye mafuta. Usiongeze redio.
- Piga hesabu ya injini kamili. Ukijumlisha kila kitu, kuunga si lazima kuwe rahisi.
- Mwenzako aijue bei kabla ya fundi.

Injini yangu ya zamani, bahati nzuri sikuwa nimeiuza. Imerudi kwenye gari, na kila mwisho wa mwezi narudisha pesa kidogo kwenye akaunti yetu. Msingi umechelewa mwaka mzima. Ile bloku ya lita 3 ipo uani chini ya turubai. Juzi nilimkuta mke wangu kasimama mbele yake na lile daftari.

"Hizi pistoni za mara 8.5," aliniuliza, "zinauzwa shilingi ngapi?"

Nikamjibu, "Mama, tumwage zege kwanza."