Kuchagua Geji ya Upepo wa Tairi: Asilimia ya Kosa

Barabara ya kutoka Muheza kwenda Amani hupanda milimani, na wakati wa masika udongo wake huteleza. Mwenye pikipiki ya njia mbovu hupunguza upepo hadi kama psi 12 ili tairi lilale na eneo linalogusa ardhi liongezeke. (Bodaboda yenye abiria na mzigo isishushwe hivyo, tyubu na rimu zitaharibika.) Anunue geji ipi?

Usahihi wa geji ya mshale kwa kawaida hutajwa kama asilimia ya kipimo chake cha juu kabisa, si ya namba unayoisoma. Soma swali kwa makini hapo.

Mfano: Geji mbili zina usahihi wa asilimia 2 kila moja. Ya kwanza inafika psi 160, kwa hiyo kosa lake ni 0.02 × 160 = psi 3.2. Tairi la psi 12 linaweza kusomeka 8.8 au 15.2, kosa la karibu asilimia 27! Ya pili inafika psi 30. Kosa ni psi 0.6, yaani asilimia 5. Anunue ya pili.

Kumbuka pia kwamba geji husoma tofauti kati ya kanieneo ya ndani ya tairi na ya hewa ya nje. Amani iko takriban mita 900 juu ya usawa wa bahari. Tairi lililojazwa Tanga mjini, halijoto isipobadilika, litasomeka huko juu likiwa limezidi kwa karibu psi 1.5. Badiliko hilo ni dogo kuliko kosa la geji ya kwanza.

Zoezi: Geji inayofika psi 60 ina usahihi wa asilimia 1.5. Tafuta asilimia ya kosa inaposoma psi 15. (Jibu: 6%)