Augustino wa Hippo na Maswali ya Falsafa ya Leo

Nafsi ni nini, mtu yuko huru kiasi gani katika anachokitaka, na wakati ni kitu gani: haya ni miongoni mwa maswali makubwa ya falsafa ya leo, na yote yana deni kwa wanafikra wa Ukristo wa karne za mwanzo. Aliyeacha alama kubwa kuliko wengine katika falsafa ya Magharibi ni Augustino, askofu wa Hippo, Afrika Kaskazini. Wagiriki walikuwa wameyajadili maswali hayo kabla yake. Lakini Augustino aliufanya undani wa mtu, yaani kumbukumbu zake, shaka zake na matakwa yake, kuwa uwanja wa uchunguzi, na njia hiyo imefuatwa hata na wanafalsafa wasioshiriki imani yake.

Augustino alizaliwa tarehe 13 Novemba 354 huko Thagaste, mji ambao leo unaitwa Souk Ahras, mashariki mwa Algeria. Mama yake, Monika, alikuwa Mkristo, na baba yake, Patrisio, alibatizwa karibu na mwisho wa uhai wake. Alisoma Carthage, akawa mwalimu wa balagha, na kwa miaka kama tisa akaifuata dini ya Mani, iliyofundisha kwamba wema na uovu ni nguvu mbili zinazopigana tangu mwanzo wa mambo. Mwaka 384 alipata kazi ya kufundisha Milano. Huko alisikiliza mahubiri ya Askofu Ambrosi na kusoma maandishi ya wafuasi wa Plato. Alibatizwa Pasaka ya mwaka 387, akarudi Afrika, na mwaka 391 akapewa upadri huko Hippo, mji ambao sasa ni Annaba. Miaka michache baadaye akawa askofu wake. Alifariki tarehe 28 Agosti 430, Wavandali wakiwa wameuzingira mji.

Mchango wake wa kwanza unahusu nafsi na hakika. Mwaka 410 Wavisigothi waliiteka Roma na kuipora, na miaka mitatu baadaye Augustino akaanza kuandika "Mji wa Mungu", kazi yenye vitabu 22. Humo anawajibu wanafalsafa wa shaka, waliodai kwamba binadamu hawezi kuwa na hakika ya jambo lolote. Hoja yake ni kwamba hata anayekosea hana budi kuwepo, kwa kuwa asiyekuwepo hawezi kukosea. Katika kitabu chake kuhusu Utatu anaongeza kwamba mwenye shaka anajua angalau kuwa yu hai, anakumbuka, anafikiri na anataka kujua.

Zaidi ya miaka 1,200 baadaye, Mfaransa René Descartes aliijenga falsafa yake juu ya hoja inayofanana sana na hiyo, katika vitabu vyake vya mwaka 1637 na 1641. Watu wa wakati wake waliliona hilo. Mwaka 1640, baada ya kuonyeshwa ufanano huo, Descartes alijibu kwa barua kwamba amekwenda maktaba ya mji kusoma maneno ya Augustino, akashukuru, kisha akaeleza tofauti: Augustino aliitafuta ndani ya nafsi sura ya Utatu Mtakatifu, ilhali yeye alitaka kuthibitisha kwamba anayefikiri si mwili. Mwanateolojia Antoine Arnauld naye aliuonyesha ufanano huo katika maoni yake kuhusu kitabu cha mwaka 1641.

Mchango wa pili ni fikra ya utashi. Sokrates alifundisha kwamba mtu hutenda ovu kwa kutojua lililo jema. Katika "Maungamo", yaliyoandikwa kuanzia mwaka 397 hivi, Augustino anakumbuka jinsi yeye na vijana wenzake walivyoiba mapeasi usiku, akiwa na umri wa miaka 16. Hawakuwa na njaa, na matunda mengi waliwatupia nguruwe. Alijua kwamba kuiba ni kosa, na kosa lenyewe ndilo lililompa raha. Mbele zaidi anaeleza jambo la ajabu: akili ikiuamuru mkono usogee, mkono hutii mara moja, ikijiamuru yenyewe kutaka jambo fulani, hugoma. Kwa hiyo kujua hakutoshi. Kuna utashi, na utashi unaweza kugawanyika dhidi ya wenyewe. Immanuel Kant alilirudia tatizo hilo mwaka 1793 alipoandika juu ya uovu ulio na mizizi ndani ya binadamu. Hannah Arendt, katika kitabu kilichotoka baada ya kifo chake mwaka 1975, alimwita Augustino mwanafalsafa wa kwanza wa utashi.

Mchango wa tatu unahusu wakati. Yaliyopita hayapo tena, yajayo hayajawepo, na sasa haina urefu. Basi mtu anapima nini anaposema jambo fulani limechukua muda mrefu? Augustino anatoa mfano wa kuimba wimbo unaoufahamu kwa moyo. Kabla ya kuanza, wimbo wote uko katika matarajio. Kila ubeti unapoimbwa, matarajio hupungua na kumbukumbu huongezeka, mpaka wimbo wote unakuwa kumbukumbu. Kinachopimwa, kwa hiyo, kimo ndani ya nafsi. Edmund Husserl alimtaja Augustino mwanzoni kabisa mwa mihadhara yake kuhusu namna fahamu inavyoutambua wakati. Martin Heidegger alifundisha somo juu ya Augustino mwaka 1921, miaka sita kabla ya kuchapisha kitabu chake kikuu kuhusu kuwepo na wakati.

Wengine wengi wa karne ya 20 walianzia kwake. Tasnifu ya Arendt ya mwaka 1929 ilihusu dhana ya upendo katika maandishi ya Augustino, na kutoka kwake alipata wazo kwamba kila mtoto anayezaliwa ni mwanzo mpya duniani, wazo lililokuja kuwa nguzo ya falsafa yake ya siasa. Albert Camus, mzaliwa wa Algeria, aliandika mwaka 1936 tasnifu iliyogusa Plotino na Augustino. Ludwig Wittgenstein alifungua kitabu chake kilichotoka mwaka 1953 kwa simulizi la Augustino la jinsi alivyojifunza kusema utotoni, kisha akaipinga picha ya lugha aliyoiona humo, kwamba kazi ya maneno ni kutaja vitu.

Athari nyingine ilipita katika upinzani. Katika mgogoro na Wadonati, Wakristo wa Afrika Kaskazini waliojitenga na Kanisa, Augustino alikuja kukubali kwamba dola iwalazimishe waliojitenga kurudi katika Kanisa. Hoja hiyo ilitumiwa kuhalalisha mateso ya kidini kwa karne nyingi. Mwaka 1686 Pierre Bayle, Mprotestanti wa Ufaransa aliyekimbilia Rotterdam, alianza kuchapisha kazi ya kuipinga, akitetea haki ya kila dhamiri, hata iliyokosea. Kazi hiyo ni miongoni mwa misingi ya fikra ya kuvumiliana katika dini.

Wanafalsafa wa sasa wengi hawaanzi tena na Mungu, kama Augustino alivyoanza. Hata hivyo, wanapouliza ni nani anayefikiri, kwa nini mtu hutenda anachokijua kuwa kibaya, na wakati unapita wapi, wanafanya kazi katika uwanja aliousafisha yeye, na hoja zake bado zinawalazimu kuzijibu.