MAMA LISHE WA MPAKANI, PIGA HESABU YA CHENJI

Leo twende Sirari, wilaya ya Tarime, mkabala na Isebania ya Kenya. Nauza ugali, sato na chapati huku. Wateja wangu ni makuli, madereva wa malori na bodaboda.

Kinachotusumbua ni chenji. Mtu anakula, anatoa hela ya Kenya: "Mama, chukua hii mia na hamsini tumalizane." Tuseme sahani ni 3,000 na shilingi ya Kenya inabadilishwa kwa 20, uko sawa. Ikishuka mpaka 19, umebaki na 2,850. Sahani 40 kwa siku, 6,000 imeyeyuka. Hiyo ni hela ya mkaa jamani!

Halafu kuna sheria. Tangu Machi 28, 2025, kanuni zinakataza kutangaza bei au kupokea malipo kwa fedha za kigeni hapa nchini. Ya Kenya nayo imo, hata kama tumeizoea.

Mimi nafanya hivi:
1. Bei zote ukutani ni za Kitanzania.
2. Mgeni namuuliza kabla sijapakua: "Kaka, una hela ya huku?" Kama hana, namwelekeza wanakobadilisha fedha. Akirudi, chakula bado cha moto.
3. Mwenye simu analipia kwenye simu, inaingia kwa shilingi yetu.

Wapo walionuna wakaenda kula kwingine, na inauma. Lakini jioni nikihesabu, mtaji wa kesho uko kamili.

Wa Namanga, Holili na Mutukula, nyie mnafanyaje?